Siku za mwizi ni arobaini, za msafiri ni miaka 10

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa jamii yetu ya Waswahili hapa Marekani. Wengi hamkuweza kufika, na wengine mmenipigia simu mkitaka nakala. Hii hapa yote.

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Mimi si wakili. Ni mkalimani wa mahakamani. Kazi yangu ni kukaa kati ya mtu na sheria, na kuhakikisha kwamba anayeulizwa ameelewa anaulizwa nini. Katika kazi hiyo nimejifunza kuogopa neno moja kuliko yote. Si "hatia". Si "kifungo". Ni neno "lini". Ulikwenda lini? Ulilipa lini? Ulirudi lini? Mtu anaweza kueleza vizuri sana alichofanya na kwa nini alikifanya, akafika kwenye "lini" akanyamaza.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Tumeizoea methali hiyo kama onyo kwa mwizi. Leo naomba tuigeuze. Anayemtafuta mwizi naye, je, hana arobaini zake? Ikifika siku ya 41 hajamkamata, aendelee kumtafuta hadi kiama?

Sheria ina jibu, na jibu hilo linaitwa ukomo wa muda. Serikali ikitaka kukuadhibu, inapewa muda wa kuanza. Muda ukiisha kabla haijaanza, imekosa. Jioni hii nataka kuzungumzia ukomo huo kwa upande wa watu wanaosafiri kwenda nchi zilizowekewa vikwazo, hasa Kuba, kwa sababu ukomo huo umebadilika, umebadilika kimyakimya, na wengi wetu tuliomo humu ndani unatuhusu.

Unatuhusu vipi? Vikwazo vya Marekani havimfungi raia peke yake. Mwenye grini kadi amefungwa navyo popote alipo duniani. Mwanafunzi mwenye viza, maadamu yuko ndani ya nchi hii, naye amefungwa. Kwa hiyo usiseme, "Mimi bado nina pasipoti ya nyumbani." Pasipoti ya nyumbani haikutoi.

Niseme kwanza kinachokatazwa, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Kanuni za kudhibiti mali za Kuba zilitolewa Julai 1963, chini ya sheria ya mwaka 1917 ya kuzuia biashara na adui. Ni kanuni za fedha, na zinasimamiwa na ofisi ya Wizara ya Fedha inayojulikana kama OFAC. Kwa lugha nyepesi, haziukatazi mguu wako kukanyaga Havana, zinaukataza mkono wako kulipa hoteli, teksi na chakula cha Havana bila kibali. Lakini nani atakaa wiki nzima Havana bila kulipa kitu? Ndiyo maana wote tunasema safari imekatazwa. Kuna makundi 12 ya safari zinazoruhusiwa: kutembelea familia, utafiti, mikutano ya kitaaluma, shughuli za dini na mengineyo. Utalii wa kawaida haumo, na tangu mwaka 2000 Bunge limeuzuia kwa sheria yake lenyewe, hivyo hata rais hawezi kuufungua kwa kalamu yake. Na kupitia Meksiko au Kanada hakubadilishi lolote. Njia ni yako, marufuku ni ile ile.

Sasa niwaeleze kuhusu bahasha yangu.

Novemba 2019 nilikwenda Havana kwenye mkutano wa wakalimani na wafasiri. Ilikuwa safari halali, ya kitaaluma, mojawapo ya zile 12. Nilihudhuria vikao vyote, nikatunza kila risiti: ya chumba, ya chakula, ya teksi ya kutoka uwanja wa ndege, pamoja na ratiba ya mkutano yenye jina langu. Nikavitia vyote kwenye bahasha ya kaki, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: "Usitupe hadi Novemba 2024." Kwa nini 2024? Kwa sababu kanuni ilisema msafiri atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na serikali nayo ilikuwa na miaka 5 ya kumchukulia hatua. Hesabu ilikuwa wazi. Novemba 2024 ikafika, ikapita. Januari 2025 nilikuwa nahama nyumba. Nikaikuta bahasha, nikasoma maandishi yangu mwenyewe, nikaichana na kuitupa.

Tarehe 12 Machi 2025 kanuni mpya ya kumbukumbu ikaanza kutumika. Miaka 5 ikawa 10.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimefanya kila kitu kama nilivyoagizwa, na bado nikajikuta mikono mitupu, na miaka mingine karibu 5 mbele yangu ambayo mtu anaweza kuniuliza "lini" na "kwa kibali gani". Wenye biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Nilichokosa ni habari.

Ilikuwaje miaka 5 ikawa 10? Mnakumbuka ile sheria ya Aprili 2024 iliyozua zogo la TikTok? Kila mtu aliisikia. Ni sheria ile ile iliyobeba misaada ya takriban dola bilioni 95 kwa Ukraine, Israeli na Taiwan na mambo mengine. Rais aliitia saini tarehe 24 Aprili 2024. Ndani yake, katika kifungu cha 3111, kulikuwa na maneno machache yanayosema kwamba makosa ya vikwazo, ya faini na ya jinai pia, sasa yanaweza kufunguliwa hatua ndani ya miaka 10 badala ya 5. Magazeti yalijaa TikTok. Nani kati yetu alisoma kifungu cha 3111? Mimi sikukisoma, na kusoma sheria ni sehemu ya riziki yangu.

Chukueni wasafiri wawili. Wa kwanza alikwenda Kuba kutalii bila kibali Machi 2019, wa pili akaenda Mei 2019. Hoteli moja, ufukwe mmoja, kosa moja. Wa kwanza, miaka yake 5 iliisha Machi 2024, kabla sheria mpya haijasainiwa. Huyo amepona, na hakuna wa kumgusa tena. Wa pili, miaka yake 5 ingeisha Mei 2024. Saini ikawekwa Aprili 24, akiwa amebakiza wiki chache. Saa yake ikaongezwa hadi Mei 2029. OFAC yenyewe ilitoa mwongozo Julai 2024 ikathibitisha hivyo: kosa ambalo muda wake ulikuwa haujaisha siku ya saini, sasa lina miaka 10.

Kwa nini yule wa kwanza hakuguswa? Si kwa huruma ya mtu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hii ilikuwa na kesi kutoka California, ambako jimbo lilitunga sheria ya kufufua mashtaka ya jinai yaliyokwisha kufa kwa kupitwa na muda. Majaji 5 dhidi ya 4 walisema haiwezekani. Ukishamwambia mtu kwamba muda wa kumshtaki umekwisha, huwezi kurudi ukaufungua tena mlango. Ila mlango ambao bado haujafungwa unaweza kuuacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Ndivyo ilivyotokea hapa. Tofauti ya wiki chache imekuwa tofauti ya miaka 5 ya wasiwasi.

Mtaniuliza, "Saa inaanza kuhesabu lini? Siku niliyosafiri, au siku waliyonigundua?" Swali zuri, tena lilifika mbali. Mwaka 2013 wadhibiti wa soko la hisa walijitetea mahakamani kwamba mdanganyifu hujificha, hivyo saa ianze siku anapogunduliwa. Majaji wote 9 wakakataa. Kwa adhabu za serikali, saa ilianza siku ya kosa. Sheria mpya ya vikwazo nayo inahesabu kutoka siku ya kosa, na kama kosa lilikuwa na siku nyingi, kutoka siku ya mwisho.

Katika hukumu hiyo ya 2013 majaji walirudi nyuma hadi mwaka 1805, kwenye maneno ya Jaji Mkuu John Marshall. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kisa hiki kimeninyima usingizi.

Marshall alisema ni kinyume kabisa na roho ya sheria za nchi hii kwamba mtu aweze kudaiwa adhabu baada ya muda wowote ule, bila mwisho. Akakumbusha kwamba hata uhaini, kosa la kuisaliti nchi, wakati ule haukuweza kushtakiwa baada ya miaka 3. Ni maneno mazuri. Lakini yalisemwa katika kesi gani? Katika kesi ya mtu aliyedaiwa faini kwa kujihusisha na biashara ya watumwa, kinyume cha sheria ya mwaka 1794. Mtu huyo alipona kwa sababu ukomo wakati ule ulikuwa miaka 2, nayo ilikuwa imepita.

Ndugu zangu, nilipolijua hilo nilifunga kitabu. Kinga ninayoitetea mbele yenu leo ilimkinga mfanyabiashara wa watumwa. Sitawaficha hilo ili hoja yangu ipendeze. Wale waliosafirishwa, nani aliwapa ukomo wa mateso yao? Kwa hiyo simdharau mtu anayesema muda uwe mrefu. Wachunguzi wanasema fedha za vikwazo hupita katika kampuni tano za jina tu, katika nchi nne, na miaka 5 huisha kabla hawajapata hata nyaraka za benki. Nawaamini. Kwa benki iliyoficha mamilioni, miaka 10 haina ubaya.

Lakini swali langu liko pale pale. Bibi aliyekwenda kutalii wiki moja na benki iliyoficha mamilioni, kwa nini wapimwe kwa kamba moja? Bibi hana kampuni tano. Alikuwa na sanduku moja na tiketi ya kwenda na kurudi. Serikali inahitaji miaka 10 ili igundue nini kwake? Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge walitoa taarifa kwamba OFAC ilikuwa imefungua uchunguzi mwingi zaidi juu ya Kuba kuliko juu ya vikwazo vingine vyote vikijumlishwa. Barua nyingi walizopata wasafiri wa miaka ile zilitaja dola 7,500. Leo kiwango cha juu cha faini kwa kosa moja la Kuba kimepita dola 100,000. Wachache hupigwa kiasi hicho. Lakini kiwango kipo, na saa ni ya miaka 10.

Kuna wanaosema, "Basi nitakaa kimya muda upite." Kwa hao nina kisa cha Bobby Fischer.

Mnamjua. Bingwa wa sataranji aliyemshinda Boris Spassky mwaka 1972 mjini Reykjavík, dunia nzima ikitazama. Miaka 20 baadaye, 1992, aliitwa kurudiana na Spassky huko Yugoslavia, kwa zawadi ya dola milioni 5. Yugoslavia ilikuwa na vita na imewekewa vikwazo. Wizara ya Fedha ikamwandikia barua ya kumwonya asicheze. Fischer aliichukua barua hiyo mbele ya waandishi wa habari akaitemea mate. Akacheza, akashinda, akachukua zaidi ya dola milioni 3 za mshindi.

Ukomo wakati ule ulikuwa miaka 5. Kama ukomo ni mvua ya kusubiri ikatike, Fischer angekuwa huru mwaka 1997. Alikuwa huru? Desemba 1992, mwezi mmoja na kitu baada ya mchezo kwisha, hati ya mashtaka ilishatolewa na hati ya kumkamata ikawa tayari. Ukomo ni muda wa serikali kuanza. Si muda wa serikali kumaliza. Ikishaanza ndani ya muda, ukomo huo haukuokoi tena. Hakurudi Marekani tena maisha yake yote. Julai 2004, karibu miaka 12 baada ya mchezo, alikamatwa uwanja wa ndege wa Narita nchini Japani akitaka kupanda ndege kwenda Ufilipino, kwa sababu pasipoti yake ilikuwa imefutwa. Alikaa kizuizini miezi minane na zaidi. Machi 2005 Iceland ikampa uraia, nako huko ndiko alikofia Januari 2008, ana miaka 64, katika mji ule ule alikokuwa bingwa.

Miaka 12, ndugu zangu. Kwa mchezo wa sataranji. Simtetei kwa maneno mabaya aliyoyasema katika miaka yake ya mwisho, na kutemea barua ya serikali si ujasiri. Nasema tu kwamba yeyote anayefikiri kalenda itamwokoa aitazame kwanza kalenda ya Fischer.

Kwa upande wa faini hatua huanza na notisi ya awali ya adhabu. Ikishatoka ndani ya miaka 10, serikali imewahi. Hata kabla ya notisi, unaweza kupata barua ya kukutaka maelezo. Barua hiyo ijibiwe. Kutoijibu ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Usiijibu peke yako usiku wa manane kwa hasira, mtafute wakili. Na wakikuletea karatasi inayoitwa makubaliano ya kusimamisha saa, ujue unaombwa kuwaongezea muda kwa saini yako mwenyewe. OFAC huhesabu kusaini kuwa dalili ya ushirikiano, na faini inaweza kupungua kwa sababu hiyo. Kwa hiyo si lazima ukatae. Ila hiyo ni saini ya kuweka wakili akiwa kando yako. Nimewahi kuona mtu akisaini karatasi ya namna hiyo akidhani ni ya kuthibitisha anwani.

Karatasi husaidia nani? Aprili 2013, Beyoncé na Jay-Z walionekana Havana. Picha zikaenea, wabunge wakaandika barua, watu wakasema matajiri hawa wamevunja sheria. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa Wizara ya Fedha akatoa matokeo: safari yao ilikuwa chini ya kibali cha mabadilishano ya kielimu, hakuna kosa. Kilichowatoa si umaarufu wao. Kilichowatoa ni kwamba kulikuwa na kibali, na kibali kilionekana kilipotafutwa. Fikirini kingetafutwa miaka 9 baadaye na yule aliyekipanga ameshafunga ofisi.

Usitegemee kwamba benki yako itakutunzia. Kwa kawaida sheria ya mabenki inazitaka zitunze kumbukumbu miaka 5. Wewe sasa unatakiwa utunze 10. Benki itakapokwisha futa, wewe utakuwa nusu ya safari tu. Kwa hiyo unaporudi, wiki hiyo hiyo, piga picha risiti zote, maana karatasi za mashine hufifia. Andika kwa mkono wako ulifanya nini kila siku na kwa kundi gani la ruhusa. Weka nakala nyumbani, na nyingine kwa mtu unayemwamini.

Wale mliosafiri kwenye meli za kitalii kabla hazijazuiwa Juni 2019, hesabuni tarehe zenu vizuri usiku wa leo. Aprili 24, 2019 ndiyo mpaka. Aliyesafiri kabla ya hapo na hajaanzishiwa hatua yoyote, alale. Aliyesafiri baada ya hapo, afungue droo.

Na tuwaandikie wabunge wetu. Nimeandika mara mbili. Ombi langu ni dogo: msafiri mmoja mmoja, asiyefanya biashara, arudishiwe miaka 5. Wenye kadi ya kupigia kura humu ndani ni wengi kuliko mnavyodhani, na barua ya mpiga kura husomwa.

Mimi nimeanza kuijenga upya bahasha yangu. Waandaaji wa mkutano wa Havana bado walikuwa na ratiba, wakanitumia. Shirika la ndege limenipa uthibitisho wa tiketi. Mwenzangu niliyekuwa nimekaa naye kwenye vikao ameniandikia ukurasa mmoja na kuusaini. Risiti ya chumba nimeipata kwenye barua pepe ya zamani. Ya teksi sijaipata. Bahasha ni mpya, ya kaki kama ile, na juu yake nimeandika tena kwa wino mwekundu: "Usitupe hadi Novemba 2029." Nimeiandika kwa kalamu ya risasi pia pembeni, "uliza kwanza."

Asanteni sana. Mzee wangu hapo mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja Fischer, kwa hiyo tuanze naye.